Je, Wajua? Wikiendi Moja Kutoka Machimboni Hadi Kisiwa cha Sokwe

Mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita akipata siku mbili tatu za mapumziko, ushauri anaopewa ni uleule: nenda Serengeti, nenda Zanzibar, au dunduliza mpaka ufike kwenye vile vijiji vya milima ya Himalaya tunavyoviona kwenye simu. Yote mazuri. Ila ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, kuna kisiwa ambacho wageni hukifuata kutoka Ulaya, na sisi majirani zake wengi hatujakikanyaga. Kinaitwa Rubondo.

Je, wajua kwamba sokwe wa Rubondo walitokea Ulaya? Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani aliyeipigania sana Serengeti, alisimamia kuletwa kwa sokwe 17 waliokuwa wakiishi katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Inasemekana asili ya wengi wao ilikuwa Afrika Magharibi. Walifunguliwa kisiwani bila mafunzo yoyote ya maisha ya msituni, ingawa baadhi yao walikuwa wamekaa vizimbani kwa miaka. Ndani ya mwaka mmoja hivi walikuwa wakijitafutia chakula, wakijitengenezea viota vya kulala juu ya miti, na wameanza kuwakwepa watu. Wanaoonekana leo ni watoto, wajukuu na vitukuu vyao. Kwangu mimi hii ni moja ya habari kubwa za wanyama katika nchi hii, na inastahili kufundishwa katika kila shule ya Kanda ya Ziwa.

Imechukua miaka mingi kuwazoesha sokwe hao kuona binadamu bila kukimbia. Kwa hiyo panga kulala kisiwani. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo anaweza kuzunguka msituni akaambulia sauti tu.

Tembo, twiga na mbega nao walipelekwa kwa mpango huohuo. Nzohe, swala apendaye matete na majimaji, ni mwenyeji wa tangu zamani. Mwaka 2000 waliongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wasafirishaji haramu. Simba hakuna, ndiyo maana matembezi ya miguu pamoja na askari wa hifadhi ni jambo la kawaida. Majini ni habari nyingine: mamba na viboko wapo, usiogelee.

Tukumbuke pia kwamba wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa pori la akiba lilipoanzishwa mwaka 1965. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 1977. Pamoja na visiwa vidogo na maji yake ina kilomita za mraba zipatazo 457, na ni mazalia muhimu ya samaki. Sato na sangara wanaouzwa katika masoko yetu wanahitaji sehemu ya namna hiyo ambako nyavu hazifiki.

Je, wajua kwamba foleni ya kivuko imekwisha? Kwa wanaopitia Mwanza, nusu ya siku iliweza kupotelea Kigongo mtu akisubiri kuvuka kwenda Busisi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na gari huvuka kwa dakika chache. Ukishafika Geita, shika njia ya Nkome, au endelea hadi Muganza wilayani Chato, upande boti. Piga simu hifadhini mapema upange boti na malazi. Ukifika ufukweni bila mpango, wikiendi yako itaishia hapohapo.

Je, wajua kwamba uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari? Kathmandu, mji wanakoanzia wengi waendao Himalaya, uko kwenye mita 1,400 hivi. Beba sweta, usiku wa ziwani una baridi yake.

Je, wajua ulichopita njiani? Mwadui, wilayani Kishapu, ndiko Mkanada John Williamson alikovumbua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana huko almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Malkia Elizabeth, wakati huo binti mfalme, kuwa zawadi ya harusi. Na zile ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili yapumzike, unazoziona kando ya barabara za Shinyanga zilikuwa hekta kama 600 tu mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Ni kazi ya wafugaji na wakulima wenyewe, waliokubali kuacha malisho yapumzike na miti irudi.

Jambo la mwisho ni la uhai. Ziwa hili lilichukua mamia ya ndugu zetu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, na wengine MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018. Upepo wake hubadilika upesi. Kabla boti haijaondoka, hakikisheni kila mtu, mtoto kwa mkubwa, amevaa na kufunga jaketi okozi. Kama majaketi hayatoshi, msipande.