Jeni ya Moyo Haichagui Upande

Tuseme kijana wa Kilosa ameanguka uwanjani akicheza mpira, akazinduka. Altrasaundi inaonyesha misuli ya moyo wake imekuwa minene, na hana shinikizo la damu. Anapimwa vinasaba, majibu yanakuja: jeni ya misuli ya moyo iitwayo MYBPC3 ina badiliko, maana yake haijulikani.

Maabara nyingi hupanga mabadiliko kwa ngazi 5, kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015, kuanzia lisilo na madhara hadi linaloleta ugonjwa. Hili limekaa katikati. Ugonjwa kijana anao, moyo wenyewe umeonyesha. Kisichojulikana ni kama badiliko hili ndilo lililouleta.

Kwanza maabara huuliza: watu wenye afya wanalo? Likiwa la kawaida mno, haliwezi kuwa chanzo cha ugonjwa huu. Tatizo ni kwamba waliopimwa duniani wengi wao wana asili ya Ulaya. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kuwa Wamarekani weusi kadhaa waliambiwa wana badiliko la hatari, kumbe ni la kawaida kwa wenye asili ya Afrika. Weusi wachache tu wangekuwemo kwenye kundi la kulinganishia, kosa lingeonekana mapema. Hilo linaniuma, maana utajiri wa vinasaba uko huku kwetu: mwaka 2012 Waafrika 15 tu, wakiwemo Wahadzabe na Wasandawe, walitoa mabadiliko milioni 13.4, mengi yalikuwa hayajawahi kuandikwa popote.

Ushahidi mwingine uko Kilosa kwenyewe, kwa ndugu. Badiliko likiwa ndilo chanzo, litaandamana na ugonjwa ndani ya familia. Hapo kuuliza kunataka subira. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa upande wa Mikumi huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo daktari hutajiwa wajomba na watoto wa mama mdogo. Badiliko la jeni hii hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na kila mtoto wa mwenye nalo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kulirithi. Shangazi aliyefariki ghafla akiwa kijana asipotajwa, tumepoteza ushahidi mkubwa.

"Huyo kaka yako, ni tumbo moja?"

"Hapana, daktari. Mtoto wa baba mkubwa."

Jibu hilo hunifurahisha. Ndugu wa tumbo moja hugawana mengi kwa bahati tu. Binamu mwenye ugonjwa uleule na badiliko lilelile ana uzito zaidi.

Kwa sasa wazazi, ndugu na watoto wapimwe umeme wa moyo na altrasaundi, na vijana warudie, kwani unene huweza kujitokeza ukubwani. Mdogo wake asiambiwe yuko salama kwa sababu tu hana badiliko hilo. Karatasi ya majibu itunzwe, irudishwe kliniki baada ya miaka miwili mitatu: ngazi huweza kubadilika bila damu mpya kutolewa.