Jina la Uongo, Nikaha ya Kweli

Pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, upande wa Kizingo meli zinakoingilia Kilindini, jina moja latosha. Wawili wameketi wakitazama maji, sahani ya viazi karai kati yao, mmoja kajiita Salim na mwenzake Rukia, na hakuna anayemdai mwingine kitambulisho. Bustani hiyo ilifunguliwa upya Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2019, na sehemu kubwa ya raha yake ni kwamba huulizwi wewe ni mtoto wa nani. Nenda Kuze au Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, uone kama swali hilo litangoja hata chai iletwe.

Riwaya za mapenzi na fumbo hulipenda penzi la aina hii: msomaji anajua bwana si yule anayejidai kuwa, mpenzi hajui, na kurasa zinageuzwa mpaka siri itoboke. Hapo mwandishi huweka kalamu chini. Kazi ya kadhi ndiyo kwanza inaanza.

Pwani yetu ina kisa kinachozishinda riwaya. Mwaka 2002, huko Siyu, kisiwani Pate, aliishi mgeni aliyejiita Abdul Karim. Alisomesha madrasa, akaoa binti wa huko. Jina lake hasa lilikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, aliyekuwa akisakwa na Marekani kwa shambulio la Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi. Novemba 28, 2002 ikalipuliwa hoteli ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, naye akahusishwa na shambulio hilo pia.

Je, ile ilikuwa ndoa? Ukiuliza barazani utaambiwa haikuwa. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, haikubaliani na baraza. Nikaha hufungwa na mtu, si na jina. Akiwapo walii na mashahidi wawili, na mwanamume aliyeketi mbele yao akatamka kuwa amekubali, aliyeoa ni huyo aliyeketi, ajiite Abdul Karim au Salim. Jina likigongana na mtu anayeonekana kwa macho, mtu ndiye anayetangulia. Hata baba akikosea jina la bintiye, akasema “nimekuoza binti yangu fulani” naye ana binti mmoja tu, kauli yenye nguvu ni kwamba nikaha imesihi.

Basi mke aliyedanganywa hana lake? Analo, ila linategemea jambo ambalo familia nyingi hulipuuza. Ikiwa sifa fulani ilishurutishwa wakati wa kuoza, tuseme kwamba bwana ni sharifu, kisha akadhihirika kuwa chini ya alivyojinadi, ndoa inabaki sahihi lakini mke anapata hiari ya kuivunja. Hiari hiyo haingoji: akijua akanyamaza, akaendelea kuishi naye, inampotea. Ikiwa sifa haikutajwa, watu wa bibi harusi walimwona kijana ana adabu wakamdhania kuwa ni kufu yake, kisha ikaonekana nasaba yake au kazi yake ni duni, dhana hiyo haimpi mke hiari. Walichodhani ni chao wenyewe.

Ndiyo maana sioni udhia wowote katika maswali ya wazee wakati wa posa. Kijana wa Mama Ngina huyaona kama upekuzi, na kweli mara nyingine huwa hivyo, shangazi mmoja akitaka kujua hata babu alikuwa na jahazi ngapi. Lakini jibu lililotolewa mbele ya watu, kisha likafanywa sharti, lina uzito mbele ya kadhi. Maneno matamu ya ufukweni hayana shahidi.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haibadilishi haya kwa Waislamu: kifungu cha 49 kinasema masharti yake yanayopingana na sheria ya Kiislamu hayawahusu, na Katiba, ibara ya 170, inampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wakakubali mahakama yake. Kwa wengine, kifungu cha 11 kinasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa huru, na bila ridhaa huru hakuna ndoa.

Kinachosumbua zaidi ni makaratasi. Fazul aliuawa Mogadishu mwezi Juni 2011, akiwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina jingine kabisa. Chukulia mke wa mtu wa namna hiyo. Mumewe aliyeandikwa katika cheti cha ndoa hajafa popote, na aliyekufa hajamwoa mtu. Eda ya miezi minne na siku kumi itahesabiwa kwa kifo cha nani? Watoto ni halali, nasaba yao ni ya baba yao wa kweli, lakini wakidai urithi wataonyesha cheti cha kuzaliwa chenye jina la mtu asiyekuwapo. Hapo mahakama huhitaji mashahidi wa kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja: aliyeozesha, waliohudhuria, jirani aliyemjua kwa sura. Picha ya siku ya nikaha, ambayo bwana wa aina hiyo hufanya kila hila asipigwe, yaweza kumfaa mjane kuliko cheti chenyewe.