Mutoto Huyu, Tumupeleke Kwa Nani?

Mama mumoja wa kanisa letu alinijia na kijana wake wa miaka sita. Mutoto hakusema hata neno. Ngoma za kwaya zikianza kupigwa aliziba masikio, na nyumbani alipanga vifuniko vya chupa kwa mustari toka asubuhi mpaka magaribi. Watu wa kartie walikwisha kusema: ndoki! Nami muchungaji nilisema nini? Nilimwambia mama afunge siku tatu, na mutoto naye asipewe chakula. Hata leo nasikia haya.

Jina la hali ile ni otisimu. Mwaka 1943 munganga Leo Kanner, kule Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Halafu wengine walisingizia wamama kwamba hawakupenda watoto wao. Bernard Rimland, yeye mwenyewe baba wa mutoto wa namna ile, aliandika kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba ni bure. Ubongo wa mutoto unajengwa namna ingine tangu mwanzo. Si kosa la mama, si pepo.

Basi mukitafuta munganga ao mwalimu, muangalie kwanza kama anasalimia mutoto. Kuna wengine wanasema na mama tu, sawa mutoto ni mufuko wa unga uliowekwa chini. Apime masikio, kwani asiyesikia naye haitike. Aulize juu ya kifafa, maana kifafa kina dawa. Lakini akisema ana dawa ya kumaliza otisimu, ondokeni na franka zenu; dawa ile haiko. Akifunga mutoto mikono ili aache kuipepesa, musirudi tena: mikono ile inamutuliza. Mwalimu mwema atamufundisha kuonyesha picha ya maji akisikia kiu. Musiogope, picha haizuie ulimi.

Na sisi wachungaji tukumbuke sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160: mwenye kushitaki mutoto uchawi anafungwa mwaka 1 mpaka 3. Maombi hayakukatazwa. Lakini njaa na fimbo si maombi.

Yule mama alipata mwishowe mwalimu mumoja mwanamuke. Siku ya kwanza aliketi tu chini, akapanga vifuniko pamoja na kijana. Mama alinielezea habari ile huku analia. Kijana hajasema bado, lakini anaomba maji kwa picha. Kanisani tulimupa nafasi karibu na mulango, mbali na ngoma.