Mafundi wa Chuma wa Zamani Kando ya Ziwa

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: tanuru, mivukuto, mavi ya chuma. Hayo ya mwisho si matusi. Ndilo jina la takataka nyeusi zinazobaki chuma kikishatolewa katika mawe.

Watu huuliza: je, zamani sana walikuwako watu wenye ufundi mkubwa ambao habari zao zimepotea? Wengine husimulia juu ya mataifa yaliyozama baharini pamoja na mitambo yao ya ajabu. Mimi huwauliza neno moja tu: takataka zao ziko wapi? Mla muwa huacha makapi, na mitambo hiyo haijaacha hata msumari.

Hapa ziwani kwetu takataka zipo. Wanaosafiri kwa meli kati ya Mwanza na Bukoba wanaijua bandari ya Kemondo. Karibu na hapo, katika miaka ya 1970, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mashimo ya tanuru, vipande vya mabomba ya udongo, na mavi ya chuma. Palikuwa na makaa pia, na makaa ndiyo yaliyotoa umri. Mti ukiwa hai huvuta hewani aina fulani ya kaboni. Ukikatwa, kaboni ile hupungua polepole, hata nusu yake huisha kwa miaka 5,730 hivi. Kwa kupima iliyobaki, ilijulikana kuwa tanuru nyingi za hapo ziliwaka yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Zilifanyaje kazi? Peter Schmidt na Donald Avery, wa chuo kikuu cha Brown huko Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya walioijua kazi hiyo tangu ujana wajenge tanuru tena. Wazee walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo huvumilia moto. Wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi. Juu yake wakajenga tanuru, wakaingiza mabomba ya udongo hadi ndani, wakatia makaa na mawe yenye chuma. Kisha mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapigwa kwa saa nyingi, watu wakipokezana. Matete yale yalikuwa na kazi yake. Chuma kikishuka hukutana na kaboni ya matete, na chuma chenye kaboni kidogo ndicho tukiitacho pua, kigumu kuliko chuma cha kawaida.

Mwaka 1978, katika jarida la Science, mabwana hao walieleza kwamba mabomba yale, kwa kuwa yamo ndani ya moto, huipasha hewa joto kabla haijafika kwenye makaa. Uingereza, mbinu ya kupuliza hewa ya moto iliandikishwa mwaka 1828. Wataalamu wengine walibisha, wakisema hewa hupita upesi mno, haipati moto wa kutosha. Mimi naona hata tukiiacha hoja ya hewa, matete na kichuguu vyatosha kutuonyesha akili ya watu wale.

Wala si Buhaya peke yake. Warongo wa pande za Geita walisifika kwa chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukuma. Lakini majembe ya kiwandani yalipoletwa kutoka ng'ambo kwa bei ndogo, nani tena angetaka kukata miti na kukesha kwenye tanuru?

Ukilima ukakuta mawe meusi mazito, yenye matundu, kama uji uliomwagika ukaganda, usiyavunje wala kuyatupa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji apeleke habari kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Kazi ya wiki hii: mtafute mzee mmoja aliyewaona wahunzi kazini, au aliyesimuliwa na wazazi wake. Mwulize chuma kilitoka wapi, nani alipiga mivukuto, na jembe moja lilibadilishwa kwa nini. Andika majibu yake katika daftari, sentensi tano, pamoja na jina la mahali.