Wanawake wa Edo katika Chapa za Utamaro

Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, picha zilizochapwa kwa vibao vya mti ziliuzwa madukani kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida aliimudu, na miongoni mwa zilizopendwa sana ni zile za wanawake. Sanaa hiyo, iitwayo ukiyo-e, ilikuwa kazi ya mikono mingi: msanii alichora, mchongaji akaihamisha michoro kwenye ubao wa mcheri, na mpiga chapa akapaka rangi na kusugua karatasi juu yake, kila rangi kwa kibao chake, huku mchapishaji akigharimia shughuli yote. Nywele za kwenye paji la uso, zilizo nyembamba kama uzi, ziliachiwa mafundi waliobobea.

Aliyewatazama wanawake kwa makini ya pekee ni Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806. Alichora sana makahaba wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro yaliyoruhusiwa na serikali, na uzuri wa picha hizo haupaswi kuficha kwamba wengi wao waliuzwa huko wangali watoto, wakafungwa kwa madeni. Lakini kipaji chake kinang'aa zaidi jikoni. Katika chapa moja ya miaka ya 1790, yenye karatasi mbili, mwanamke anapuliza moto kwa kipande cha mwanzi. Mwenzake anageuza uso kuukwepa mvuke. Wa tatu anamenya biringanya, na wa nne anafuta bakuli huku mtoto amemng'ang'ania mgongoni. Nyuso zinafanana, kama ilivyokuwa desturi ya uchoraji wa wakati huo, ila mabega na vidole vinamtofautisha kila mmoja na mwenziwe.

Utamaro aliwachora pia wasichana waliojulikana mjini, kama Okita, mhudumu wa duka la chai, akiandika na majina yao. Mwaka 1793 serikali ilikataza kutaja majina ya wanawake wasio makahaba. Wasanii walipoyaficha katika mafumbo ya picha, nayo mafumbo yakapigwa marufuku mwaka 1796.

Sanaa hiyo ilifika hadi Ulaya: mwaka 1890 maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani yalifanyika Paris, na msanii Mmarekani Mary Cassatt, aliyeyatembelea, akatengeneza chapa 10 za rangi zenye wanawake wanaoogesha watoto, wanaofunga barua na wanaopimwa nguo kwa mshonaji.