Udongo Mpya, Jiko Lile Lile
Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi hupenya mabati ya nyumba za mitaa ya Kibera na Kawangware. Jiko la makaa hupika na kupasha chumba moto.

Jiko lenye udongo ndani lilienea miaka ya 1980, likichota wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Udongo ukipasuka, bati la nje huwa bado zima. Kulitupa jiko ni hasara. Mwenyewe huung'oa udongo uliopasuka, hukwangua saruji kuukuu, huketisha udongo mpya kwa saruji, kisha huuacha ukauke kabisa.

Hata hivyo, jiko lililokarabatiwa bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Makaa yawashwe nje, dirisha libaki wazi, na usiku jiko litolewe kabla watoto hawajalala.