Bengamisa: Kamba ya kiatu ikifunguka njiani, mnyororo wa kinga haungoji

Mtu anayetoka Bengamisa na baiskeli kwenda kuuza mali Kisangani ana mengi ya kuangalia kabla ya kuondoka. Anapima upepo wa magurudumu, anajaribu breki, anavuta kamba za mzigo ili kuona kama zimekaza. Kitu kimoja husahaulika kirahisi, kwa sababu kiko chini kabisa na ni kidogo sana: kamba za viatu vyake mwenyewe, zile ambazo wengi huita lase.

Bengamisa iko katika teritware ya Banalia, jimbo la Tshopo, kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayoelekea Buta. Ni eneo la mashamba ya kakao, na la mihogo, ndizi, mawese na makala ambavyo wakaaji hupeleka kwenye masoko ya mjini. Njiani kuna mto Lindi, na kabla ya kuingia katikati ya mji kuna daraja la mto Tshopo. Katika safari kama hiyo, kinga si kitu cha mchezo. Ndiyo inayolipa karo ya watoto na dawa za hospitali. Mjini Kisangani, baiskeli zinazobeba abiria zilipata hata jina lao, toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini kinga bado inabeba mizigo.

Hatari inapoanzia

Kwenye baiskeli, mnyororo uko upande wa kulia. Kwa hiyo kiatu cha kulia ndicho cha kuogopewa zaidi. Kamba ikifunguka, ncha yake inaning'inia karibu na gurudumu la meno ambalo pedali huzungusha. Mguu ukishuka, ncha inaweza kuingia kati ya meno na mnyororo. Mzunguko mmoja unatosha: kamba inajiviringisha, kiatu kinavutwa, na mguu unashindwa kushuka chini kusimamisha kinga. Aliyebeba mzigo mzito nyuma hana nafasi ya kujirekebisha. Anaanguka, na mzigo unamfuata.

Abiria naye hana usalama zaidi. Anayekaa nyuma ana miguu karibu na nyuzi za gurudumu, na mtoto ndiye anayeumia upesi, kwa kuwa mguu wake hauna pahali pa kukanyaga. Kwenye pikipiki nyingi mnyororo uko upande wa kushoto. Kifuniko chake kikiwa kimeondolewa, kamba ndefu ya kiatu cha kushoto inakutana na nguvu ya mota, si ya mguu.

Kwa nini kamba hufunguka zenyewe

Watu wengi hudhani kamba hufunguka kwa sababu haikukazwa sawasawa. Mwaka wa 2017, watafiti watatu wa chuo kikuu cha California, mjini Berkeley, Marekani, walitoa jibu kamili zaidi. Walipiga picha za kasi kubwa za kiatu cha mtu anayekimbia. Waliona kwamba mguu unapogonga ardhi, fundo linapokea nguvu inayofikia mara saba ya mvutano wa dunia, nalo linalegea kidogo. Wakati huohuo, mguu unaporushwa mbele na nyuma, ncha za kamba zinapigapiga hewani na kulivuta fundo. Kugonga peke yake hakukutosha, na kurusha mguu peke yake hakukutosha. Vyote viwili vikiungana, fundo lililodumu muda mrefu huachia kwa sekunde chache tu.

Anayesukuma kinga yenye mzigo kwenye mpando, anatembea kilomita kadhaa, kisha anapanda tena, anaipa kamba kazi hiyohiyo. Hata Usain Bolt alishinda mita 100 za Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, kwa sekunde 9.69, kamba ya kiatu chake cha kushoto ikiwa imefunguka. Lakini Bolt hakuwa na mnyororo karibu na mguu wake.

Dawa isiyolipiwa hata franka moja

Angalia viatu vyako sasa hivi. Vitanzi viwili vya fundo vikilala kwa upana wa kiatu, kimoja kushoto na kingine kulia, fundo lako ni zuri. Vikigeuka na kulala kwa urefu, kimoja kuelekea vidole na kingine kuelekea kifundo cha mguu, umezoea fundo dhaifu, linalofunguka mapema zaidi.

Kulirekebisha ni rahisi. Kama huanza kwa kupitisha kamba ya kulia juu ya ile ya kushoto, sasa anza na ya kushoto juu ya kulia. Sehemu ya pili, ya kutengeneza vitanzi, ifanye kama ulivyozoea. Kwa safari ndefu, funga vitanzi hivyo mara moja tena juu ya fundo, kisha ingiza ncha zote ndani ya kiatu. Kamba isiyoning'inia haipigwi na hewa, wala mnyororo hauwezi kuishika.

Vifaa vya kununua na vya kujitengenezea

Kuna vifaa vingi vya kusaidia fundo. Kibanio kidogo cha plastiki chenye springi, kama kile cha majaketi na mifuko ya mgongoni, hushika kamba mbili pamoja bila fundo. Kinaweza kutolewa kwenye begi lililochakaa. Kamba za mpira zinazovutika, wanazopenda wakimbiaji, hazifungwi kila siku. Lakini vyote viwili vinataka ncha ndefu zikatwe au zifichwe.

Viatu vya kubandika, vinavyojulikana kwa jina la Velcro, vilitokana na Mswisi George de Mestral. Mwaka wa 1941 alichunguza mbegu za porini zilizong'ang'ania nguo zake na mbwa wake, kama zile zinazoshika suruali ya mtu akipita kwenye majani. Vinafaa kwa watoto, ila matope yakijaa kwenye vindoano vyake, havishiki tena. Kuna pia viatu vya kifungo cha kuzungusha na waya wa chuma, BOA, vilivyoanza Marekani mwaka wa 2001. Vinakaza vizuri, lakini waya ukikatika, kupata kipuri ni shida.

Kwa mtu wa Bengamisa, kifaa cha karibu zaidi ni mpira wa ndani wa gurudumu uliokwisha kazi. Kata pete ya upana wa kidole kwenye mpira wa pikipiki, uivalishe juu ya kiatu ili ilalie fundo. Isibane mguu hadi ufe ganzi. Kipande kingine kinaweza kufunga upindo wa suruali ya mguu wa kulia, ambao nao hupenda kuingia kwenye mnyororo.

Na kamba ikishikwa tayari? Usivute mguu kwa nguvu. Acha kukanyaga, funga breki, egemea upande wa kushoto, kisha zungusha pedali kinyumenyume polepole: mnyororo utarudisha ulichokula. Kwenye pikipiki, zima mota kwanza.

Kukagua viatu hakuchukui hata dakika moja. Kufanywe pale pale pa kupima upepo na kukaza mzigo, kabla ya kinga kuingia barabarani.